Kompyuta Inayosikiliza Kimya: Nimeijaribu Juba na Bado Sijatulia

Naanza na hukumu kwa sababu siwezi kuibana: hiki ndicho kipimo cha kwanza cha akili nilichowahi kukiona ambacho mzee wa Juba anaweza kukifanya akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mwembe, bila kalamu, bila karatasi, bila kuulizwa mia ukitoa saba inabaki ngapi. Kazi yake ni kuzungumza tu. Simu iko mezani kando ya bilauri ya chai, yeye anapiga stori kwa dakika chache, halafu kompyuta inahesabu yale ambayo masikio yetu huyapita: amenyamaza mara ngapi katikati ya sentensi, kila kimya kimedumu muda gani, ametaja vitu kwa majina yake au amekimbilia "kile kitu" na "nanihii", wazo limefika mwisho au limepotelea njiani. Watafiti wanakiita uchambuzi wa usemi. Lengo ni kugundua mapema dalili za dimensia, ule upungufu wa akili unaoanza chinichini miaka mingi kabla mtu hajapotea njia ya kwake.

Jamani, hili ni jambo kubwa. Nimeona programu nyingi za afya zikiletwa mjini hapa, na karibu zote zinadai vitu ambavyo hatuna: intaneti isiyokatika, daktari bingwa, mgonjwa anayesoma Kiingereza. Hii inadai kitu ambacho Juba imejaa tele, yaani maneno. Nenda Konyokonyo, nenda kwa mama wa chai yeyote pale Custom, kaa na wazee wa Munuki jioni. Watu wanaongea!

Fikiria kazi inayofanyika unaposema sentensi moja tu ya Kiswahili. Unachagua wazo, unatafuta neno, unalipa ngeli yake, unapatanisha kitenzi na kivumishi, unaupanga ulimi na pumzi, na papo hapo unakumbuka ulikoanza ili ujue unakokwenda. Yote hayo yanapita kabla hujapepesa jicho. Karibu ubongo mzima uko kazini, ndiyo maana unapoanza kuchoka usemi nao huonyesha nyufa mapema, wakati mtu bado anauza dukani, anasali, anasalimia vizuri, na hakuna wa nyumbani anayeshtuka.

Ushahidi upo, tena wa kusisimua. Masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame nchini Marekani walipoingia utawani, wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu, kila mmoja aliandika habari fupi za maisha yake. Karatasi zikahifadhiwa. Miongo kadhaa baadaye mtafiti David Snowdon na wenzake wakazifungua, na mwaka 1996 wakachapisha matokeo ya masista 93: wale ambao sentensi zao za ujanani zilibeba mawazo machache ndio waliokutwa, kwa sehemu kubwa, na ugonjwa wa Alzheimer uzeeni. Mwaka 2005 Peter Garrard na wenzake wakachukua riwaya za mwandishi Iris Murdoch na kuweka ya mwisho, iliyotoka 1995, kando ya zile za zamani. Sarufi ilikuwa bado imesimama imara. Msamiati ndio uliokuwa umepungua, na hiyo ilikuwa riwaya aliyoiandika kabla ya daktari yeyote kumwambia kwamba ana Alzheimer. Chuo Kikuu cha Toronto kikafanya hivyo kwa mwandishi Agatha Christie, kikaona maneno yasiyo bayana yakiongezeka katika vitabu vyake vya mwisho. Kisha 2015 Visar Berisha na Julie Liss wa Arizona wakapitia mikutano 46 ya Rais Ronald Reagan na waandishi wa habari. Ugonjwa wake wa Alzheimer ulitangazwa 1994; katika majibu yake ya papo kwa papo akiwa bado Ikulu, maneno mapya yalikuwa yanapungua na vijazio vinaongezeka.

Murdoch, Christie na Reagan wana jambo moja linalofanana, nami naomba mlishike maana nitalirudia: kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake ya zamani.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na akili mnemba. Watafiti wengi wameifundisha kwa rekodi zilizokusanywa Pittsburgh na kuhifadhiwa katika hazina iitwayo DementiaBank, ambapo kila mtu anaonyeshwa mchoro mmoja na kuambiwa aueleze. Mwaka 2020 yakafanyika mashindano: rekodi za watu 156, nusu wagonjwa, nusu wazima, kila timu ijaribu kuwatenganisha. Timu ya Jiahong Yuan ilipata asilimia 89.6. Na siri yao? Waliingiza vituo, yaani kule kunyamaza, ndani ya maandishi kana kwamba navyo ni maneno! Nilipoisoma habari hiyo nilisimama. Kwamba kompyuta ilisoma vizuri zaidi ilipoambiwa mtu alinyamaza wapi.

Lakini kutenganisha mgonjwa aliyekwisha kujulikana na mtu mzima si kugundua mapema. Kwa hiyo kilichonipa moyo zaidi ni kazi ya Chuo Kikuu cha Boston iliyotoka 2024. Walichukua rekodi za mahojiano ya watu 166 waliokuwa na upungufu mdogo wa akili, kisha wakauliza ni nani atakayekuwa amefikia Alzheimer ndani ya miaka sita. Kompyuta ilipatia kwa asilimia 78.5. Katika watu watano ilimkosea mmoja hivi, kwa hiyo si ya kumpa mtu cheti cha ugonjwa. Ila kama kengele ya kumwambia mtu aende akaonwe na daktari, nionyesheni nyingine iliyo rahisi hivyo.

Sasa tuje nyumbani. Vipimo vya kawaida vya kliniki, MMSE ya 1975 na MoCA ya 2005, vinamtaka mtu aandike sentensi, achore saa, anakili maumbo, atoe saba saba kuanzia mia. Utafiti wa kaya wa 2009 ulikuta Sudan Kusini asilimia 27 tu ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika. Mama aliyelea watoto wanane katikati ya vita akishindwa kuchora saa ya mishale, hilo linakwambia nini juu ya ubongo wake? Halikwambii lolote. Na madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno: Amnesty International iliripoti 2016 kwamba nchi nzima ilikuwa na wawili, na kwamba hospitali pekee ya umma yenye huduma hiyo, Hospitali ya Kufundishia ya Juba, ilikuwa na vitanda 12 vya wagonjwa wa akili.

Majirani zetu Watanzania walishaligundua tatizo hili la karatasi. Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba 2009 na 2010, wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na kukadiria kwamba asilimia 6.4 wana dimensia. Huko ndiko kilikozaliwa kipimo kiitwacho IDEA: badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti, anaambiwa maneno kumi ayakumbuke, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa daraja ni nini. Mzee wa Juba, mji unaovuka Nile kila siku na uliopata Daraja la Uhuru 2022, atakujibu kuhusu daraja hadi chai ipoe! IDEA ilinyanyua karatasi mezani. Uchambuzi wa usemi unachukua mazungumzo yaleyale na kuyapima kwa ndani, hadi sehemu za sekunde.

Nilichojaribu mimi hakiuzwi na kampuni. Ni programu mbili za bure ambazo mtu yeyote anaweza kuziweka kwenye kompyuta ya kawaida: Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam kwa ajili ya wanaisimu, na Whisper ya OpenAI, iliyotoka 2022, inayogeuza sauti kuwa maandishi. Zote mbili zikishapakuliwa zinafanya kazi bila intaneti. Hilo peke yake ni habari njema, kwa sababu Juba si mji wa kumtolea mtu kinasa sauti bila kumweleza sauti yake inakwenda wapi. Hapa unamwambia: haitoki kwenye mashine hii, na ukitaka naifuta mbele yako. Watu wanakubali, na wanaongea kwa uhuru.

Mzee mmoja jirani alikubali nimrekodi. Alijifunza Kiswahili katika kambi ya Kakuma, Kenya, akiwa mkimbizi, na anakisema kwa lafudhi nzuri ya Kidinka, na anapenda kukisema. Nilimwomba kitu kilekile cha Hai: "Mzee, nitajie wanyama wote unaowakumbuka kwa dakika moja." Akacheka, akaniuliza, "Wa nyumbani au wa porini, mwanangu?" Wote, Mzee. Akaanza: kuku, mbuzi, kondoo, punda. Kituo. Simba, fisi. Kituo kirefu. Mjukuu wake aliyekuwa amechuchumaa kando akamnong'oneza "tembo", naye akalipokea: tembo. Kisha akafika kwa ng'ombe, akahama lugha, na hapo bomba likafunguka. Mabior, Malual, Majok, Makuei, Mayen, kila rangi ya fahali na jina lake, kila alama ya ngozi na jina lake, mfululizo, bila kuvuta pumzi, mkono ukichora madoa hewani.

Nikaifungua rekodi kwenye Praat. Hebu piga picha: ukanda wa kijivu uliojaa mistari kama mvua, na juu yake uzi wa buluu unaopanda na kushuka kadiri sauti inavyopanda na kushuka. Pale anaponyamaza ukanda unakuwa mweupe. Programu ina amri moja inayopita rekodi nzima na kukata: hapa sauti, hapa kimya, hapa sauti, hapa kimya, na kila kipande kinaandikiwa urefu wake. Upande wa Kiswahili ulikuwa na madirisha meupe kila mahali. Upande wa Kidinka ulikuwa umejaa pomoni. Mtu yuleyule! Jioni ileile, kiti kilekile! Ningempima kwa Kiswahili peke yake, mashine ingemshuku. Kwa Kidinka ingeniambia nimwache mzee wa watu anywe chai yake.

Hicho ndicho kilichoninyima usingizi, na kwa furaha, kwa sababu kinaonyesha kazi ilipo. Wataalamu wanaochambua zoezi la wanyama hawahesabu idadi tu. Wanaangalia makundi: mtu anakaa katika kundi gani, anahama vipi kwenda lingine, maana akili inayochoka hukwama katika kuhama. Sasa rangi za ng'ombe utazihesabu vipi? Kwa jedwali la makundi la wataalamu hao, wote ni mnyama mmoja. Kwa mfugaji wa Bor au Rumbek kila jina ni kiumbe tofauti, na kuzitaja kwa mpangilio ule ni ushahidi wa kumbukumbu iliyo hai. Mtu wa kuandika jedwali sahihi ni mtu wa hapa. Na mjukuu je? Yule mtoto aliyenong'ona "tembo" ni adabu yetu: hatumwachi mkubwa ahangaike na neno. Nyumba nyingi zinaweza kukaa miaka na mzee anayepoteza maneno zisijue, kwa kuwa watoto wanamjazia mapengo kwa upendo. Nataka programu ya Juba iwe na mahali pa kumhesabu msaidizi pia. Mara ngapi mwaka huu mjukuu amemalizia sentensi ya babu? Ikiongezeka, hiyo nayo ni dalili.

Kidinka chenyewe kinaleta jambo zito zaidi. Mifumo mingi haipimi vituo tu. Inapima pia sauti yenyewe, kutetemeka kwake, kimo chake, na kiasi cha hewa kinachovuja ndani yake. Kifurushi kimoja maarufu kinatoa vipimo 88 kwa kila rekodi. Lakini Kidinka ni lugha ya toni, na irabu zake zina sauti ya namna mbili: ya kawaida, na ile yenye pumzi ndani yake. Tena zina urefu wa ngazi tatu, kama Bert Remijsen wa Edinburgh na Leoma Gilley walivyoonyesha. Neno linabadilika umoja na wingi kwa kubadilisha irabu ya ndani tu. Kwa hiyo pumzi ambayo mashine iliyofundishwa kwa Kiingereza ingeiona kama koo la mzee aliyechoka, kwa Mdinka ni sarufi safi! Na kwa Mnuer vilevile. Mtu akileta hapa mfumo uliopikwa Boston na kuuwasha bila kuufundisha upya, atawagundua "wagonjwa" kambi nzima ya ng'ombe.

Kiswahili nacho kina yake. Dalili mojawapo inayopendwa na watafiti wa Kiingereza ni mtu kuacha kutaja nomino na kujaza viwakilishi: yeye, hiyo, wale. Sisi viwakilishi vyetu tumevimeza ndani ya kitenzi. "Alimpa" ni sentensi kamili. Imesema nani alitoa na nani alipokea bila kumtaja yeyote, na aliyeisema ni mzima kama chuma. Kipimo cha Kiswahili lazima kiende kutafuta kama msikilizaji alikwisha kuambiwa hao watu ni akina nani. Kazi hiyo inawezekana. Inamngoja mwanaisimu mmoja mwenye njaa ya kazi, wa Chuo Kikuu cha Juba, Dodoma, Nairobi au Makerere.

Niseme na kilichoniudhi. Whisper ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini nyingi mno ni Kiingereza. Kiswahili kilipata tone. Kidinka, Kinuer, Kibari na Kiarabu cha Juba hazimo kabisa katika lugha inazozijua. Tena ina tabia ya kusafisha: ukisema "eee... nili... nilikwenda", inaandika "nilikwenda", kumbe ile "eee" ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Na kuna jambo la hatari zaidi. Mwaka 2024 Allison Koenecke na wenzake walionyesha kwamba takriban asilimia 1 ya maandishi ya Whisper waliyoyachunguza yalikuwa na maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na kwamba hali huwa mbaya zaidi pale penye vimya virefu, kama kwa watu wenye matatizo ya usemi. Yaani mzee ananyamaza kutafuta neno, na mashine inamtungia! Kwa kazi hii hiyo ni sumu. Ushauri wangu: vituo pima kwa Praat, moja kwa moja kwenye sauti, maandishi ya Whisper yachukue kama rasimu ya kusahihishwa na mtu anayeijua lugha na anayemjua mzee.

Halafu kuna jenereta. Umeme ukikatika mtaa mzima unanguruma, na programu inadhani hakuna aliyenyamaza. Mvua ikipiga bati ni yaleyale. Saa nzuri ya kurekodi hapa ni asubuhi mapema, mtu akiwa amekwisha kunywa chai, kabla jua halijawa kali. Simu ya bei nafuu inatosha. Iweke karibu na mdomo kuliko karibu na barabara, kwa sababu raksha na bodaboda zina sauti kubwa kuliko wazee.

Na mchoro! Ule unaotumika duniani, ulioanza kuchapishwa 1972 katika kipimo cha Boston cha matatizo ya usemi, unaonyesha mama anayekausha sahani huku sinki likifurika, na mvulana juu ya stuli akiiba biskuti kwenye kopo. Sinki la bomba? Hapa maji yanaletwa na boza kutoka mtoni. Nipeni mchoraji wa Juba achore hivi: mama wa chai amegeuka kuzungumza na mteja, chai inafurika kwenye jiko la makaa, mtoto ametia kidole kwenye kopo la sukari, mbuzi anavuta mkate wa kisra kwenye meza ya jirani, na boza limesahauliwa wazi linamwaga maji barabarani. Matukio matano, kila moja na sababu yake, na hakuna mzee wa mji huu atakayeuliza "hiki ni nini?". Msanii mmoja na wiki moja, kazi imekwisha.

Najua kuna atakayeuliza: tugundue mapema ili iweje, na zile dawa mpya, lecanemab na donanemab, zilizoidhinishwa Marekani 2023 na 2024, ziko mbali nasi? Nalichukulia swali hili kwa uzito wote, na jibu langu ni kwamba si kila akili inayofifia ni Alzheimer. Kaswende ya muda mrefu, VVU, malale, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi, sonona ya mtu aliyezika wengi, masikio yaliyoziba: vyote hivi vinaweza kumfanya mtu aonekane amepotewa, na vingi vinatibika ukivikuta mapema. Shinikizo la damu linapimwa na kushushwa hapa hapa Juba. Tume ya jarida la Lancet ilisema 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Na kuna usalama wa watu. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mtu anayetangatanga usiku akisema peke yake ndiye anayeshukiwa upesi. Familia iliyokwisha kuambiwa "mama anaumwa" inakuwa na neno la kuwaambia majirani.

Tena si wazee tu. Huko Maridi, Ekwatoria Magharibi, uchunguzi wa 2018 uliwakuta asilimia 4.4 ya watu na kifafa, kikihusishwa na minyoo ya usubi inayoenezwa na inzi wa maji ya kasi kwenye bwawa, na baadhi ya watoto wana ule ugonjwa wa kutikisa kichwa unaowarudisha nyuma akili mwaka hadi mwaka. Mtoto ambaye shule imemwacha, usemi wake unaweza kufuatiliwa kwa simu ya mhudumu wa afya wa kijiji. Sijaona mtu akiizungumzia njia hiyo, na ninatamani sana kuona kliniki ya kifafa ikiianza.

Nimefika sasa kwenye kitu ambacho kwangu ndicho kito cha mambo yote haya. Nilisema mlishike lile la mtu kulinganishwa na nafsi yake. Jedwali la kutuambia mzee wa Kibari wa miaka 70 anapaswa kunyamaza mara ngapi, halipo. Kulijenga kwa lugha zaidi ya sitini za nchi hii kutachukua miaka mingi. Lakini anayelinganishwa na nafsi yake hahitaji jedwali la wengine! Anahitaji sauti yake ya jana. Na sauti za jana za Wasudan Kusini zipo, ni nyingi ajabu, na ziko mifukoni mwetu.

Hili ni taifa lililotawanyika. Watoto wako Nairobi, Kampala, Khartoum, Melbourne, Omaha. Bibi yuko Gudele, hapa Juba. Zamani walitumiana kanda za kaseti, nyimbo na salamu ndani yake. WhatsApp ilipoanzisha ujumbe wa sauti 2013, bibi asiyejua kuandika akapata barua yake. Tangu hapo anabonyeza, anaongea, anatuma: habari za mvua, nani kaoa, ng'ombe wangapi, mbona hupigi simu. Miaka kumi na zaidi ya usemi wa asili, katika lugha yake mwenyewe, bila mtafiti wala mchoro. Kwenye simu za Android kila ujumbe umekaa katika faili lenye herufi PTT, kisha mwaka, mwezi na siku, vimeandikwa ndani ya jina. Tarehe imekwisha kuwekwa! Sauti imebanwa, kweli, na vile vipimo laini vya mtetemo havitaaminika sana. Vituo vimebaki. Maneno yamebaki. Mpangilio wa hadithi umebaki. Watafiti wa Reagan walitumia maandishi ya mikutano ya Ikulu. Familia ya Gudele ina kitu kinachoikaribia hazina hiyo na haijui. Redio nazo, Miraya iliyoanza 2006 na Eye Radio, zimetangaza kwa miaka katika lugha za humu, na walioongea hapo wakiwa na miaka hamsini leo wanakaribia sabini.

Kwa hiyo fanyeni hivi, wiki hii, kabla simu hazijabadilishwa. Ombeni ruhusa ya mwenye sauti kwanza, kwa lugha anayoielewa. Akikataa, yaishie hapo. Nakilini ujumbe wake wa sauti kutoka kwenye simu hadi kwenye diski ya nje, ya zamani zaidi kwanza. Kisha rekodini mpya: hadithi anayoipenda kuisimulia, kwa lugha yake ya kwanza, asubuhi, mjukuu akae mbali kidogo asimnong'oneze. Andikeni pembeni tarehe, lugha, nani alikuwepo, kama alikuwa na homa au hakulala. Baada ya miezi sita mwombeni awasimulie hadithi ileile tena.